Krismasi ya kwanza bila mama yake: nimfungie binti yangu nini?

Mpendwa Matroni,

Salamu kutoka Umoja, Nairobi. Mimi ni fundi wa redio na taa, kibanda changu kiko Luthuli Avenue, na nina watoto wawili. Mke wangu alituacha mwezi wa tatu mwaka huu baada ya kuugua kwa muda mfupi. Binti yangu yuko mwaka wa 2 Chuo Kikuu cha Pwani, kule Kilifi. Mdogo wake wa kiume yuko Gredi ya 7 na ndiye ninayeishi naye hapa.

Krismasi hii binti haji nyumbani. Amepata kibarua cha likizo katika hoteli moja Watamu, kuhudumia wageni mezani, na analala huko huko kwenye vyumba vya wafanyakazi hadi tarehe 3 Januari. Anasema nauli ya Desemba haishikiki, na hizo pesa zitamsaidia kulipa kodi ya chumba muhula ukianza. Sikumkatalia. Lakini nadhani kuna jambo lingine. Nadhani anaogopa kuingia nyumba hii na kukuta kiti cha mama yake kiko wazi. Hata mimi nakiogopa.

Mke wangu ndiye aliyekuwa akifunga paseli. Binti alipokuwa bweni kule Machakos, mama yake hakukosa kumpelekea kitu: hafukeki alizopika mwenyewe, njugu za kukaanga, na karatasi iliyochanwa kwenye daftari yenye maneno mawili matatu. Kazi yangu mimi ilikuwa kubeba katoni hadi stejini. Sijawahi kufunga mzigo wa mtoto maishani mwangu, isipokuwa mara moja, Oktoba, na huo ndio unaonitia hofu sasa.

Oktoba hiyo niliamka saa 10 usiku, nikakaanga kuku mzima, nikanunua chapati 20 kwa mama mmoja hapa jirani, nikaweka na sabuni ya kufulia, sukari na majani ya chai, yote katoni moja. Nilituma kwa basi. Mzigo ulilala Mombasa siku mbili kabla ya kupelekwa Kilifi. Binti alinipigia akaniambia, "Asante Baba, imefika salama." Nikalala vizuri. Wiki iliyofuata mdogo wake akaniambia kwamba dada alimwomba asiniambie, lakini kuku alikuwa ameoza, chapati zimeota ukungu, na sukari ilinuka sabuni. Alitupa karibu kila kitu.

Sasa nataka kujaribu tena. Dada yangu ananiambia niache mambo ya katoni, nitume M-Pesa, mtoto ajinunulie anachotaka. Mama mkwe ameleta kutoka Kitui kilo 4 za muthokoi (mahindi yaliyokobolewa) na chupa ya asali, na anasisitiza vyote viende. Kijana anataka nitume chapati. Binti mwenyewe, nikimuuliza, ananijibu, "Usijali Baba, niko sawa," ila siku moja aliniambia miguu inamuuma kwa kusimama tangu asubuhi hadi usiku.

Kuna jambo moja zaidi. Leso nyekundu ya mama yake, yaani kanga, bado iko kabatini. Nimefikiria kuiweka chini kabisa ya katoni bila kumwambia, aikute mwenyewe. Sijui nitakuwa nimemfariji ama nimemvunja.

Nisaidie, Mama. Nitume mzigo ama pesa? Na kama ni mzigo, nitie nini?

Baba wa wawili, Umoja

Ndugu yangu, pole sana.

Nitaanza na leso, kwa sababu umeificha mwishoni mwa barua vile vile unavyotaka kuificha chini ya katoni.

Usifanye hivyo. Fikiria atakavyoipata. Yuko kwenye chumba cha wafanyakazi, labda na wasichana wengine watatu aliojuana nao wiki mbili zilizopita. Katoni inafunguliwa, wote wanachungulia, wanacheka, wanaonja njugu. Anaendelea kutoa kitu kimoja kimoja, halafu mkono wake unagusa kitambaa anachokijua tangu akiwa mtoto wa kubebwa mgongoni. Na baada ya nusu saa anatakiwa awe mezani kwa wageni, sare imenyooka, uso unacheka.

Nilikuwa matroni wa bweni la wasichana kwa miaka mingi, na paseli zilipita mikononi mwangu kwa mamia. Nakumbuka msichana wa kidato cha pili ambaye bibi yake alimpelekea koti la marehemu baba yake, bila neno. Bibi alitaka mjukuu asipigwe na baridi, basi. Mtoto alilifungua saa 7 mchana, na saa 8 alikuwa na mtihani wa hesabu. Nilimkuta ameketi sakafuni kati ya vitanda viwili, koti limemfunika kichwa, na hakuna aliyejua amwambie nini. Koti lenyewe alilipenda, alilivaa hadi alipomaliza shule. Kilichomuumiza ni kushtukizwa.

Kwa hiyo mpigie simu. Mwambie kwa maneno mepesi: "Leso nyekundu ya mama ninayo hapa. Ungependa nikutumie, ama nikuwekee?" Halafu nyamaza umsikilize, hata akikaa kimya muda mrefu. Akisema umwekee, mwekee. Akisema umtumie, ifunge peke yake kwa karatasi safi uiweke juu kabisa, mbali na sabuni. Na kabla hajakujibu, tafadhali usiifue. Kama bado ina harufu ya mama yake, hiyo harufu hairudi tena ikishatoka, na uamuzi wa kuifua ama kutoifua ni wa binti yako pia.

Katika simu hiyo hiyo, mwambie kwamba unajua habari za kuku. Usimchongee mdogo wake, sema tu, "Nimejua kuku wa Oktoba hakufika salama, na sijakasirika." Alikudanganya kwa kukupenda. Alikuona akilini umeamka saa 10 usiku, mjane wa miezi 7, unapambana na sufuria, na hakutaka uone umeshindwa. Lakini mtoto anayemlinda baba yake namna hiyo ndiye pia anayejibu "niko sawa" kila anapoulizwa. Ukiondoa huo uongo mdogo, huenda akapata nafasi ya kukuambia ukweli mwingine.

Na kosa la kuku huyo si lako peke yako. Chakula cha kukaangwa kikifungwa kikiwa bado na joto, mvuke hubaki ndani na kugeuka maji, na maji ndiyo yanayoleta ukungu. Nairobi ungeweza kuponea, maana kuna baridi ya usiku. Lakini kutoka hapa hadi Mombasa ni karibu kilomita 480, kisha kama 60 nyingine hadi Kilifi, na joto la Pwani halipumziki hata usiku. Nyama iliyopikwa haikuwa na lake huko, hata kama mzigo usingelala njiani. Na sabuni ya kufulia hunukisha sukari, unga na majani ya chai ikikaa nayo usiku mmoja tu kwenye katoni iliyozibwa. Hilo nililiona kila muhula.

Sasa tuje kwenye mzigo wenyewe. Nakuomba kwanza ukumbuke unamtumia nani. Katika barua yako unamfungia mwanafunzi, tena yule wa Machakos, aliyekuwa akingoja hafukeki. Krismasi hii yeye ni mfanyakazi. Hayuko chuoni, hana jiko, hana sufuria, chakula chake anapewa kazini, na saa zake za kupumzika ni chache. Muthokoi huchemka kwa saa kadhaa hata juu ya jiko la makaa. Kilo 4 kwake zitakuwa mzigo wa kuusukuma chini ya kitanda. Mwambie mama mkwe, kwa heshima zote, kwamba muthokoi unamngoja mjukuu wake Nairobi, na kwamba utampikia siku atakayokuja. Hapo utakuwa pia umesema, bila kumlazimisha mtoto, kwamba ipo siku atakuja.

Asali, peleka. Asali haiozi, na asali ya Kitui ataijua kwa kuilamba tu. Lakini usiitume na chupa ya kioo aliyoleta bibi. Imimine kwenye mkebe mdogo wa plastiki ngumu wenye kifuniko cha kuzungusha, pitisha selotepu kwenye mdomo wake, uufunge ndani ya gazeti na uusimamishe wima pembeni.

Chapati aachiwe kijana azile hapo nyumbani.

Njugu ndizo ninazotaka uzipike mwenyewe. Najua unadhani huwezi. Nunua njugu mbichi kama kilo 2, zinyunyizie maji ya chumvi, ziache zikauke kidogo, kisha sufuria kavu, moto mdogo, na usiache kukoroga. Zikianza kupasuka ngozi na kunukia, ziepue hata kama zinaonekana hazijaiva vizuri, kwa sababu zitaendelea kuiva zenyewe nje ya moto. Zitandaze kwenye sinia zilale usiku kucha hadi zipoe kabisa, ndipo uzitie kwenye mkebe mkavu. Zitakaa wiki kadhaa bila shida. Kilo 2 si nyingi: njugu zikifika kwenye chumba cha wasichana wanne hazina mwenyewe, na binti yako anahitaji kitu cha kuwakaribisha wenzake nacho, maana huko ni mgeni.

Zako zitaungua kidogo. Hazitakuwa kama za mama yake. Na hapa ndipo ninapotaka unisikie vizuri, ndugu yangu. Ukijaribu kufunga paseli ya mama yake, yaani hafukeki zile zile, njugu zile zile, hadi karatasi ya daftari, kila kitu atakachokitoa kitamwonyesha nani hayupo. Funga paseli ya baba. Hajawahi kuipata. Ile ya Oktoba siihesabu, kwa sababu hata ile ulikuwa unajaribu kuwa mama yake.

Wewe ni fundi wa taa Luthuli. Mtengenezee taa. Ndogo, ya kuchaji, ya kuweka kando ya mto, mwanga ukimwangukia yeye tu ili anaporudi zamu saa 5 usiku asiwaamshe wenzake, na stima ikipotea asikae gizani. Kama unaweza kuifanya ichaji kwa waya ule ule wa simu yake, bora zaidi. Ifungue, kagua betri, piga lehemu pale panapolegea, ufanye kile unachofanya kila siku kwa taa za watu usiowajua. Andika jina lake kwa ndani ya kifuniko, mahali ambapo fundi tu ndiye anayepaona. Ukitaka umwambie liko wapi, ukitaka usimwambie.

Halafu miguu. Hilo ndilo jambo la kweli pekee alilokuambia katika "niko sawa" zote hizo, kwa hiyo lijibu. Soksi nyeusi za pamba jozi 4, soli laini za kuweka ndani ya kiatu (uliza namba yake, usikisie), mafuta ya kujikanda, na plasta za malengelenge. Vitu hivi unavipata mjini katika duka lolote la dawa na pale wanapouza viatu. Mtu anayesimama kutwa akifungua katoni akakuta baba yake amefikiria nyayo zake, atakumbuka.

Sabuni ya kuoga na vitu vya kike anaweza kununua huko huko. Hapo ndipo dada yako anapoingia, na hakukosea. M-Pesa ilipoanza mwaka 2007, binti yako ndio kwanza alikuwa mtoto mchanga ama hajafika mwaka wa pili. Hajui dunia ambayo pesa ya mzazi haiji kwa mlio wa simu. Pesa zitamsaidia, mtumie. Ila zitume siku tofauti na mzigo, tuseme tarehe 23, hata kama ni kidogo, na usitumie neno "nauli." Ukiandika nauli atasikia kwamba umekasirika kwa kuwa hakuja.

Kuhusu njia. Mabasi ya Pwani mengi yana ofisi za mizigo upande wa River Road na Accra Road. Nenda mapema wiki ile ya baada ya Jamhuri, tarehe 16 hivi, asubuhi. Ukisubiri tarehe 20 na zaidi, kila mtu anakwenda kwao, buti limejaa mabegi ya abiria, na mzigo wako ndio utakaoachwa kesho na kesho kutwa. Uliza jambo moja kabla ya kulipa: basi linaishia wapi? Likiishia Mombasa, katoni itashushwa huko na kungoja gari jingine, kama ya Oktoba. Tafuta linalokwenda moja kwa moja hadi Malindi, kwa sababu linapita Kilifi na linapita Gede, na Gede ndipo njia ya Watamu inapochepuka. Uliza kama wana mtu wa kupokea mizigo hapo Gede. Kama hawana, Kilifi ama Malindi, popote binti atakapoweza kufika siku yake ya mapumziko. Siku hiyo ni ipi? Muulize kabla hujachagua siku ya kutuma. Kushtukiza kuzuri ni kwa kilichomo ndani. Siku na mahali pa kuchukua lazima avijue.

Jina lake liandike kama lilivyo kwenye kitambulisho, kwa sababu atatakiwa kukionyesha, pamoja na namba yake ya simu na yako, kwa kalamu nzito, pande mbili za katoni. Piga picha risiti umtumie papo hapo. Taja kwamba ndani mna kifaa cha umeme na thamani yake. Posta pia husafirisha vifurushi, na ukipita Posta Kuu pale Kenyatta Avenue watakupa bei, lakini kwa siku zilizobaki mimi ningekwenda na basi.

Katoni za redio unazo tele kibandani, chagua moja ngumu isiyo kubwa. Katoni ikiwa na nafasi tupu hubonyea ikiwekewa gunia la mtu juu. Jaza mapengo kwa magazeti na zile soksi. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Agosti 2017, kwa hiyo usihangaike kuitafuta. Mikebe na karatasi za khaki zinatosha, na mikebe atabaki nayo.

Nimebakiza mtu mmoja. Katika barua yako kijana wako ametajwa kwa kuku na kwa chapati tu. Yeye pia amefiwa na mama, tena ndiye anayekiona kile kiti kila asubuhi. Mwite siku ya kufunga. Akoroge njugu wewe ukishika taa. Achague kitu kimoja cha kumtumia dada yake, hata kiwe cha kipuuzi machoni pako, na usikikatae. Aandike barua yake mwenyewe bila wewe kuisoma. Wewe nawe andika, mistari mitatu inatosha. Pengine hujawahi kumwandikia. Mwandikie hivyo hivyo, kwamba hujawahi, na kwamba njugu zimeungua kidogo. Usiandike habari za kiti. Hayo ni ya kuzungumza mkiwa mmekaa pamoja, Januari, muthokoi ukiwa jikoni.

Siku ya Krismasi yenyewe usimpigie mchana. Chakula cha mchana hotelini siku hiyo ni kazi ya kukimbia, na simu ikilia mfukoni atapata shida ama atajilaumu kwa kutoipokea. Mwombe akupe saa, labda asubuhi na mapema kabla ya zamu, na muwe wawili kwenye simu, wewe na kijana. Na mchana nyinyi wawili msikae peke yenu Umoja. Nendeni kwa dada yako, ama pandeni gari la Kitui mkale na mama mkwe. Mama huyo naye anaikabili Krismasi yake ya kwanza bila binti yake, na kama nimeielewa barua yako, zile kilo 4 ndizo alizotumia kukuambia hivyo.

Mzigo ukishafika atakupigia. Usimwulize kama amelia. Mwulize kama taa inawaka.

Matroni